Imani Ibebayo na Imani Izuiayo

Liko swali tulisikialo mara kwa mara katika vijiji vyetu, kisimani, na mlangoni pa kanisa baada ya ibada, na hata katika baraza za wazee. Swali lenyewe ni hili: Mkristo aliyepatwa na saratani, akikubali kupasuliwa na daktari, je, hasemi kwa kitendo chake ya kuwa Mungu ameshindwa? Wako waulizao kwa moyo mweupe, maana wampenda mgonjwa na wakiogopa kisu. Wako pia waulizao kwa ukali, kama watu waliopewa kazi ya kuipima imani ya mwenzao kwa pishi. Wote wastahili kujibiwa, kwa kuwa jibu la swali hili limekuwa uzima au mauti kwa watu tuwajuao.

Kwanza yafaa tuujue ugonjwa wenyewe. Neno saratani limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni kaa, yule wa pwani. Wayunani wa kale nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa, na yasemekana ni kwa sababu waliona uvimbe uliozungukwa na mishipa iliyotanda kama miguu ya kaa. Miili yetu imejengwa kwa chembe ndogo mno, zisizoonekana ila kwa darubini. Chembe hizi huzaliana kwa kipimo. Kidonda kikiisha kufunga, huacha. Katika saratani chembe fulani hukikataa kipimo hicho. Huzidi kuongezeka, hufanya uvimbe, kisha hutoka mahali pake na kusafiri kwa njia ya damu na ya tezi mpaka mapafuni, kwenye ini au mifupani.

Hapo twaona kwa nini siku zina thamani. Uvimbe ungali mahali pamoja, mpasuaji aweza kuuondoa wote; ukiisha kutawanyika, kisu peke yake hakiwezi kuufuata kila ulikokwenda. Tena, anayewahi huenda akakatwa kidogo. Zamani mwenye saratani ya titi aliondolewa titi zima pamoja na misuli ya kifua. Mwaka 1985 yalitangazwa huko Marekani matokeo ya uchunguzi mkubwa, yaliyoonyesha ya kuwa kwa uvimbe ulio mdogo, kuondoa uvimbe peke yake na kisha kutumia mionzi humwacha mgonjwa na maisha marefu sawa na yule aliyeondolewa titi zima. Madaktari huuhesabu ugonjwa huu kwa hatua nne, na hapa kwetu Tanzania wagonjwa wengi hufika hospitali wakiwa katika hatua ya tatu au ya nne. Sababu za kuchelewa ni nyingi: umbali wa njia, nauli, kutojua dalili, na uvimbe wenyewe ambao mwanzoni hauumi. Lakini iko sababu moja ituhusuyo sisi watu wa kanisa, nayo ni kule kuchelewa kunakopewa jina la imani.

Tuyatazame Maandiko. Mfalme Hezekia aliugua karibu na kufa. Akageuza uso wake ukutani, akaomba kwa machozi, na Mungu akamwahidi miaka 15 zaidi. Hapo twaweza kudhani ya kuwa mambo yamekwisha, kwa maana ahadi ya Mungu yatosha. Lakini nabii Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu la mfalme, ndipo akapona. Ahadi ilikwisha kutolewa, na dawa ikawekwa. Wala hatusomi popote ya kuwa Hezekia alilaumiwa kwa ajili ya tini zile. Kadhalika Luka, aliyefuatana na mtume Paulo, alikuwa tabibu, na Paulo humtaja kwa kazi yake hiyo kwa upendo na bila kuona haya.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Hatujamwona mkulima Mkristo aachaye jembe ukutani wakati wa masika kwa kuwa ameomba mvua. Huomba, kisha hulima, na mavuno yakija humshukuru Mungu, wala hakuna amwambiaye, "Umelishukuru jembe." Basi kwa nini imani ya shambani iruhusiwe jembe, na imani ya kitandani ikatazwe kisu?

Lakini tukisema hivi tu, tutakuwa tumelirahisisha jambo kupita kiasi. Jembe hushikwa na mwenye shamba mwenyewe. Kisu cha mpasuaji hushikwa na mtu mwingine. Mgonjwa huvuliwa nguo zake, hunyimwa chakula kwa saa kadhaa ili asije akatapika usingizini na matapishi kumwingia mapafuni, hulazwa juu ya meza, hupewa dawa, na hapo hujiachilia kabisa. Hajui ataamka akiwaje, wala kama ataamka. Sisi twaona ya kuwa mtu akubaliye jambo hili hajaikimbia imani. Amefika mahali ambapo imani yahitajiwa kuliko pote.

Hebu tutazame kisa kimoja cha kale. Mwaka 1809, huko Kentucky nchini Marekani, aliishi mama aitwaye Jane Todd Crawford. Tumbo lake lilikuwa limevimba hata watu wakamdhania ana mimba iliyopita siku zake. Daktari Ephraim McDowell alipomchunguza, aliona ya kuwa si mimba bali ni uvimbe mkubwa wa kifuko cha mayai. Akamweleza hatari iliyokuwa mbele yake bila kuificha: kuupasua uvimbe wa namna ile lilikuwa jambo la kujaribu tu, lakini yeye alikuwa tayari kulijaribu kama mama yule angefika kwake katika mji wa Danville. Mama Crawford akapanda farasi, akasafiri karibu kilomita 100 katika majira ya baridi, uvimbe ukiegemea tandiko. Siku ya Krismasi akapasuliwa. Dawa ya usingizi ilikuwa haijajulikana. Etha ilionyeshwa hadharani mjini Boston baadaye sana, mwaka 1846. Husimuliwa ya kuwa kwa muda wote wa kupasuliwa, kama dakika 25, mama yule alikuwa akikariri zaburi. Uvimbe ulioondolewa ulikuwa na uzito wa kilo 10 hivi. Siku ya tano daktari alimkuta akitandika kitanda chake mwenyewe. Baada ya siku 25 akarudi kwake, akaishi miaka mingine 32.

Twajifunza nini hapa? Zaburi hazikuuondoa uvimbe, wala kisu hakikumpa mama yule moyo wa kulala juu ya meza ile. Kila kimoja kilifanya kazi yake. Tena tuangalie ya kuwa aliambiwa kweli, akaamua mwenyewe.

Lakini na hili sharti tuliseme wazi. Si kila aombaye na kupasuliwa hupona. Wako watu wenye imani kama ya mama Crawford waliokufa juu ya meza, na wako waliopona mwanzoni, kisha ugonjwa ukawarudia. Mtume Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba uliomsumbua mwilini, naye hakuondolewa. Alipewa neema ya kuuchukua. Bwana wetu mwenyewe aliomba bustanini kikombe kimwepuke, na kikombe hakikumwepuka. Ni nani atakayesema ya kuwa Paulo alikuwa na imani haba, au kwamba Bwana hakujua kuomba? Basi yule asemaye matangani, "Angeliamini vya kutosha, angelipona," amewaongezea wafiwa msiba wa pili, tena kwa jambo asilolijua. Imani si fedha ambayo tukiileta kamili tutapewa uzima, na ikipungua turudishwe mikono mitupu. Imani ni kumshika Mungu mkono katika njia ambayo hatujui mwisho wake.

Sasa tuje kwa jamaa, kwa maana katika nchi yetu mgonjwa haugui peke yake. Mnakumbuka habari ya mtu aliyepooza katika Injili ya Marko. Watu wanne walimbeba kwa kitanda chake hadi kwenye nyumba alimokuwamo Yesu. Walipoona mlango umejaa watu, wakapanda juu, wakatoboa dari, wakamteremsha; na Yesu aliiona imani ya wale waliombeba. Habari hii twaihubiri sana. Lakini tumewasahau watu wa mlangoni. Wale hawakuwa wapagani wala adui za Yesu. Walikuja kulisikia Neno. Hata hivyo, kwa kusimama pale walipokuwa wamesimama, walimzuia mgonjwa asifike. Basi tangu siku zile iko imani ibebayo, na iko imani izuiayo, na zote mbili zaweza kukaa katika nyumba moja na kuimba nyimbo zile zile.

Tulimjua mama mmoja wa usharika wa jirani. Alihisi kitu kigumu katika titi lake, kadiri ya punje ya hindi, nacho hakikuuma. Akamwambia dada yake, dada akamwambia mumewe mgonjwa, na mume, kama ilivyo desturi, akawaita ndugu zake wakae shauri. Shauri likawa refu. Mmoja akasema wangoje mpaka mavuno yaingie. Wa pili akasema kwanza yafanyike maombi ya siku 40, ndipo waone. Wa tatu akasema mwanamke aliyekatwa titi ni nusu ya mwanamke. Mama mwenyewe alikuwa jikoni akiwapikia chai. Mwishowe bibi mkongwe, mama yao wote wale, akauliza, "Wanangu, mkamwana wangu asemaje?" Wakanyamaza, kwa maana hapana aliyekuwa amemwuliza. Akaitwa. Akasema, "Baba zangu, maombi nayataka. Lakini niombeeni nikiwa njiani."

Wakauza mbuzi wawili, akaenda. Kipande kidogo cha nyama ya uvimbe kikachukuliwa, kikatazamwa kwa darubini, kikaonekana kuwa ni saratani. Akapasuliwa, akaondolewa titi na tezi za kwapani. Mashemeji wawili walitoa damu kwa ajili yake, na mmoja wao ni yule aliyesema maneno ya nusu ya mwanamke. Hatumtaji ili kumwaibisha, bali kuonyesha ya kuwa mtu wa mlangoni aweza kugeuka akawa mbebaji, naye akaribishwe pasipo kukumbushwa alivyosema jana.

Katika habari hii twaona kazi ya kwanza ya jamaa, nayo ni kumsikiliza mgonjwa. Shauri la ukoo ni jambo jema. Huleta nauli, damu, na mikono ya kumwuguza. Lakini mwili utakaopasuliwa ni wa mtu mmoja, naye ndiye atakayetoa hesabu yake kwa Mungu. Jamaa waweza kumshauri, waweza hata kumsihi. Hawana ruhusa ya kuamua kana kwamba hayupo.

Kazi ya pili ni kusema kweli. Wako watu wamfichao mgonjwa jina la ugonjwa wake, wakisema, "Ni kidonda tu," ili asife moyo. Twaelewa ya kuwa ni huruma. Lakini wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Mgonjwa huona nyuso za watu, husikia minong'ono, hujua ya kuwa anafichwa, na hapo hubaki peke yake na hofu yake, maana hana wa kumwambia. Mwandishi wa Kiingereza, Fanny Burney, aliondolewa titi mjini Paris tarehe 30 Septemba 1811, naye alikuwa macho, hajapewa ila divai. Siku ile alifanya mpango mumewe asiwepo nyumbani, kwa kumwonea huruma. Lakini baadaye alimwandikia dada yake Esther barua ndefu na kumweleza mambo yote, kwa kuwa alitaka jamaa zake wapate habari kwa mkono wake mwenyewe, si kwa uvumi. Hapa twapata kanuni iliyo njema: ni haki ya mgonjwa kuchagua amwambie nani na lini, si haki yetu sisi kumficha mgonjwa jambo lililo lake.

Barua ile yatufundisha na neno jingine. Ilimchukua miezi kuimaliza, kwa kuwa kila alipokumbuka siku ile kichwa kilimwuma, asiweze kuendelea. Kidonda cha kifua kilikuwa kimefunga zamani. Cha moyo kilikuwa bado. Aliishi hadi mwaka 1840, lakini asidhani mtu ya kuwa alipona siku ile aliposhuka mezani.

Hiyo ndiyo kazi ya tatu ya jamaa, tena iliyo ngumu kuliko zote: kuvumilia baada ya kupasuliwa. Juma la kwanza nyumba hujaa wageni, kuku na matunda. Mwezi wa tatu hakuna ajaye. Na huo mwezi wa tatu mara nyingi ndio mgonjwa yumo katika mionzi au katika dawa za saratani, nazo huleta kichefuchefu, nyingine huangusha nywele, na hupunguza askari wa damu wapiganao na maradhi. Wakati huo apikiwe chakula kilichoiva vizuri. Mwenye mafua au kikohozi asiingie kumsalimu, hata akiwa mzee wa kanisa. Na akipatwa na homa apelekwe hospitali siku ile ile. Aliyeondolewa tezi za kwapani, mkono wake waweza kuvimba hata baada ya miezi au miaka, kwa kuwa njia za maji ya mwilini zimepungua. Aulinde mkono huo usikatwe wala kuungua, afanye mazoezi aliyoonyeshwa na wauguzi, na asichukue mizigo mizito mpaka aruhusiwe.

Maneno haya ni mepesi kuandikwa, lakini katika kijiji mzigo mzito ni ndoo ya maji, mchi na kuni. Ni nani atakayeyachukua? Mume wa mama yule tuliyemtaja alijitwika ndoo mwenyewe, asubuhi na jioni, akashika foleni kisimani pamoja na wanawake na wasichana. Wanaume wenzake wakamcheka. Yeye hakujibu, alijaza ndoo yake akaenda zake. Mkono wa mkewe ungali huvimba nyakati za joto, naye angali akiteka maji. Hatujamsikia akisimama kanisani kutoa ushuhuda, lakini walio wengi kisimani wamekwisha acha kucheka, na sisi twaamini ya kuwa ndoo ile imehubiri kuliko hotuba nyingi.

Tumkumbuke pia nabii Eliya. Alipochoka hata akaomba kufa, akalala chini ya mti jangwani, malaika hakumjia kwanza kwa maonyo. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Kisha akamrudia mara ya pili na chakula kingine. Neno la Mungu lilimfikia baadaye, alipokuwa na nguvu za kulisikia. Basi tuendapo kumtazama mtu aliyetoka kupasuliwa, tusimchoshe kwa mahubiri marefu kitandani wala kumwuliza ni dhambi gani aliyoitenda. Tuombe kwa ufupi, tuache uji wa moto, tumwoshee vyombo, tuondoke alale. Na siku ya pili turudi.

Jambo hili ni la usharika mzima pia. Safari ya kutoka kijijini hadi Ocean Road katika Dar es Salaam, hospitali iliyojengwa zamani za Wajerumani na kufanywa taasisi ya saratani mwaka 1996, au hadi Bugando huko Mwanza, hutaka nauli, mahali pa kulala, na mtu wa kufuatana na mgonjwa. Matibabu ya mionzi huendelea kwa majuma kadhaa, na nyuma nyumbani shamba laota magugu na watoto wataka kwenda shule. Usharika wenye watu 40 waweza kupalilia shamba moja kwa asubuhi moja. Haya nayo ni maombi, nayo husikiwa na mgonjwa hata akiwa mbali.

Sasa turudi kwenye swali letu. Je, Mkristo akubaliye kupasuliwa amemwacha Mungu? Sivyo. Amemkabidhi Mungu mwili wake kwa mikono ya watu, kama alivyoukabidhi alipozaliwa na kupokelewa na mkunga. Naye aliyeomba akangoja hata kaa akatanda mwilini mwote, tusimhukumu, maana huenda ni sisi tuliomfundisha kungoja. Bali tumbebe hadi mwisho wa njia yake, tumpatie dawa za kutuliza maumivu, tukae naye.

Nawe ndugu msomaji, mwanamume au mwanamke, ukiona uvimbe usioondoka, au kidonda kisichopona kwa majuma kadhaa, au damu itokayo pasipo sababu, usingoje mavuno. Mwambie mmoja umwaminiye, ombeni pamoja, kisha nendeni hospitali juma hili hili. Na wewe uliye mzima, uitwapo katika shauri la ugonjwa wa jamaa yako, kabla hujafungua kinywa tazama kwanza kama mgonjwa mwenyewe ameulizwa. Kisha utazame umesimama wapi, kwenye pembe ya kitanda chake, au mlangoni.